Mkono wa Mama Uliohubiriwa

Juzi nilikwenda kwenye mazishi ya mjukuu wa jirani yangu hapa Kahawa Sukari, mtoto wa miaka minne aliyechukuliwa na homa ya siku tatu. Mhubiri alikuwa kijana mwenye suti ya kung'aa na kipaza sauti alichokishika karibu na mdomo kama mtu anayetafuna hindi la kuchoma. Alimtazama mama wa marehemu, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wawili asianguke, akamwambia kwamba Mungu alipita bustanini akachuma ua lililompendeza kuliko yote, na kwamba badala ya kulia angepaswa kupiga magoti ashukuru kuwa ua hilo lilitoka kwake. Watu wakaitikia amina. Mimi nikainuka, na magoti yangu haya, nikatoka hemani nikaenda kukaa na wapishi penye sufuria za chai. Binti mmoja aliyekuwa akikoroga sukari akaniuliza, "Cucu, nyanya yangu, unaumwa?" Nikamwambia anipe kikombe cha chai.

Wenzangu wa rika langu, ninyi mnajua kwamba watu wa namna hii hawakuanza na vipaza sauti. Wa kwetu alikuwa na baiskeli. Jina lake lilikuwa Zakayo, na alikuwa mwalimu wa dini katika shamba la kahawa tulilokaa, mbele kidogo ya Ruiru ukielekea Thika. Tulimwita Mwalimu, ingawa sikumbuki kitu alichomfundisha mtu kikamfaa. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na sauti nzuri, na sauti hiyo aliipenda kama wengine wanavyompenda mtoto wao wa kwanza. Alivaa tai hata siku za kazi. Ukimwamkia, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," alikujibu, "Bwana asifiwe," kisha akakutazama mpaka uone aibu kwa kuulizia asubuhi.

Mama yangu alifanya kazi kiwandani, yaani kile kibanda kikubwa cha mabati karibu na mto ambako kahawa iliyochumwa ilimenywa na kuoshwa. Baba sikumjua, alikufa nikiwa bado mgongoni. Tulikuwa wawili tu katika chumba chetu cha kambini, mimi na Maitu, kama sisi Wakikuyu tunavyomwita mama, na nguo zetu zote zilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Watu wa mjini wakisikia kahawa hufikiria harufu ya kikombe. Mimi nikisikia kahawa nafikiria uchachu uleule, mzito, unaokwama kooni, na nzi wake.

Mtambo wa kumenya kahawa ulikuwa na magurudumu mawili ya meno yaliyoumana. Juu yake palikuwa na kifuniko cha chuma, lakini kifuniko hicho kilikuwa kikikwama, na kila kilipokwama kazi ilisimama. Nyapara akachoka kusubiri, akakitoa, akakiegemeza ukutani. Kikakaa hapo msimu mzima. Siku moja, kahawa ikiwa nyingi na watu wakiharakishwa, mkono wa sweta ya Maitu ulinaswa na yale meno, na mkono wenyewe ukafuata. Ulikuwa mkono wa kulia. Mwenzake mmoja, Mama Wangechi, ndiye aliyekimbia kuuzima mtambo. Vidole viwili vilikwisha hapohapo, na vitatu vilivyobaki vilipondeka vikaja kupona vikiwa vimekunjwa ndani kama makucha ya kuku.

Sikuwepo. Nilikuwa nacheza nyuma ya nyumba za kambi na Wangechi, rafiki yangu, tulipomwona Mwalimu Zakayo akija na baiskeli yake. Aliishusha polepole, akavua kofia, akachuchumaa mbele yangu. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuchuchumaa mbele ya mtoto yeyote.

"Njeri," akasema, "mama yako amepelekwa hospitali ya Thika. Usilie. Mungu amempa zawadi kubwa leo, ambayo hapa shambani hajampa mtu mwingine."

Sasa hebu mniambie, mtoto wa miaka saba atafanya nini na maneno hayo? Sikulia. Nilimwambia Wangechi kwamba mama amekwenda Thika kuchukua zawadi, na kwa kuwa Thika kulikuwa na maduka ya Wahindi, nilikwisha kuamua ni nini. Nilifikiri ni nguo, au sahani zenye maua. Kwa wiki zote nilizolala kwa akina Wangechi nilikuwa mtoto mwenye furaha, na watu wazima walinitazama, wakatazamana, wakasema ninayo imani.

Maitu aliporudi alishuka kwenye lori la shamba akiwa amekonda, na mkono wake wa kulia ulikuwa mzigo mweupe, umezungushiwa vitambaa safi mpaka ukawa mkubwa kama malenge. Nikajua zawadi imo humo. Nilirukaruka nikimwomba afungue. Aliniangalia kwa muda mrefu, asijue nataka nini. Dresa wa shamba alipokuja kubadilisha vile vitambaa, nilisogeza kigoda mpaka magotini pake ili niwe wa kwanza kuona.

Yaliyokuwa ndani niliyaona. Sikupiga kelele. Nilitafuta tu, macho yangu yakienda sakafuni na kwenye beseni la dresa, nikidhani kwamba zawadi yenyewe imedondoka.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Zakayo alinitoa wasiwasi. Ibada zetu zilifanyika ghalani, kati ya magunia, na siku hiyo alimwita Maitu mbele, akamshika kifundo cha ule mkono kwa ncha za vidole, kama mtu anyanyuaye kikombe cha mgeni, akauinua juu watu wote wauone. Alisema kwamba Mungu huwavunja wale anaowapenda. Alisema sisi tulio wazima tusijivune, kwa maana huenda Mungu hata hajatuona. Alisema mkono ule ni barua iliyoandikwa na Bwana kwa wino wa damu, na kwamba heri shamba lililopata barua. Hapo akalia. Wanawake wakalia naye, na baada ya ibada mmoja akamletea kuku.

Basi ikawa kila Jumapili. Habari zilifika mashamba mengine, na Mwalimu akaanza kualikwa, na alikoalikwa alimchukua Maitu, na Maitu akanichukua mimi. Nimemwona mama yangu akiinuliwa mkono mbele ya watu katika maghala, chini ya miti, katika vibanda vya shule, huku na huku kati ya Thika na Ruiru. Mahubiri yalikuwa yaleyale. Nilijua mahali atakapolia kama nilivyojua kona za njia. Kilichobadilika ni shingo yake tu, ambayo mayai na kuku wa wajane viliizidishia unene, na baiskeli yake, ambayo mwenye shamba aliiwekea taa mpya. Huyo Bwana Mkubwa alimpenda sana Mwalimu. Nilipokuwa mtu mzima nilielewa sababu: mtu anayemshukuru Mungu kwa ajili ya mtambo hatauliza habari za kifuniko.

Lakini sitajifanya kwamba niliyaona hayo wakati ule. Wakati ule nilijivuna. Nilikuwa binti wa mwanamke aliyepewa, na nilitembea kambini kwa madaha, nikiwatazama watoto ambao mama zao walikuwa na vidole kumi kama watu waliosahauliwa. Wangechi alipokataa kunipa zamu ya kuruka kamba nilimwambia kwamba mama yake Mungu hamjui. Huyo ndiye mama aliyeuzima mtambo.

Jambo jingine nisilolielewa ni kwa nini Maitu alikubali. Alipokuwa mbele alisimama ameinamisha uso, nami nikadhani ni unyenyekevu. Mtakumbuka miaka ile ya hali ya hatari. Mtu wa kabila letu hakuvuka mpaka wa shamba bila kibali cha karatasi, na mwanamke mjane asiye na neno la kumfaa bwana yeyote hakupewa. Mwalimu Zakayo alipewa vibali kwa ajili ya kazi ya dini, chake na cha ushuhuda wake. Na nyanya yangu, mama yake Maitu, alikuwa amehamishwa na wenzake, nyumba zao zikachomwa, wakawekwa katika kijiji kimoja karibu na Ruiru kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Macho yake yalikuwa karibu kuisha. Tukimaliza mahubiri upande wa Ruiru, Maitu alimwambia Mwalimu, kwa sauti ndogo, "Nikipewa saa moja nimsalimie mama." Naye Mwalimu, akiwa ameshiba, alimpa.

Askari gadi waliolinda mlango wa kijiji walipekua kiondo chetu, wakatoa viazi viwili vitatu vya kwao, wakaturuhusu kuingia. Nyanya alikuwa akiota jua nje ya kibanda. Maitu alimlisha, akamnyoa kichwa kwa wembe akitumia mkono wa kushoto, taratibu sana, huku Nyanya ameushika ule wa kulia mapajani mwake kwa mikono yake miwili. Hakuuinua juu. Hakusema neno lolote juu yake. Mimi nilikaa pembeni nikimwonea huruma kwa ujinga wake, kwamba ameshika kitu kitakatifu namna ile na hana la kuhubiri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona haya mpaka leo.

Nilianza kuwa na wivu. Mwaka ulikuwa unakwenda na Mungu hajanivunja popote. Nilipata homa, ikapona. Nilianguka kwenye mti wa mpera, nikachubuka kiwiko tu. Nikaona kwamba labda yeye anataka nimkumbushe. Alasiri moja, Maitu akiwa kazini, nilikwenda mtoni kwenye mawe ya kufulia, nikalaza kidole kidogo cha mkono wa kulia juu ya jiwe, nikainua jiwe jingine kwa mkono wa kushoto, nikafumba macho, nikasema, "Bwana, na mimi." Kisha nikaliachia.

Sikukatika kidole. Ukucha uling'oka na mfupa ukapasuka, na hadi leo kidole hicho hakikunjiki. Nilikwenda nyumbani nikilia na kucheka, damu ikinitiririka mpaka kiwikoni, na Maitu aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono nimeuinua juu vilevile kama Mwalimu alivyokuwa akiuinua wa Maitu.

"Nani amekufanyia hivyo?"

"Nimejifanyia."

"Kwa nini?"

"Mungu anavunja anaowapenda. Wewe amekuvunja. Mimi alikuwa amenisahau."

Maitu aliketi kitandani. Nilimwona rangi ya midomo inabadilika, na nikaogopa kwa sababu siku zote nilidhani atafurahi. Baada ya muda alirarua kanga kuukuu kwa meno, akanifunga kidole, kazi ya mkono mmoja na meno, akichukua muda mrefu. Alipomaliza akanishika kidevu.

"Nisikilize, Njeri. Mungu hakunivunja. Ule mtambo haukuwa na kifuniko."

Ni hilo tu alilosema siku ile. Lakini Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano mkubwa Thika, wa mashamba mengi, uwanjani. Mabwana walikuwa wamekuja na wake zao, wameketi mbele kwenye viti chini ya turubai, na sisi nyasini. Mwalimu Zakayo alikuwa amevaa tai mpya. Alihubiri vizuri kuliko siku zote, akafika pale penye barua ya damu, akalia, akageuka kumshika Maitu kifundo cha mkono. Maitu akaurudisha mkono wake nyuma.

"Leo nitasema mwenyewe, Mwalimu," akasema.

Watu wakaitikia amina, wakidhani ni Roho. Maitu hakuzungumza Kikuyu. Alizungumza Kiswahili, kile chetu cha mashambani, ambacho alikijua kidogo na alikionea haya. Baadaye nilijua kwamba alifanya hivyo ili wale wa kwenye viti wasikie bila kutafsiriwa na Zakayo.

"Mimi sijui Kiswahili mingi," akasema. "Hii mkono haikukatwa na Mungu. Ilikatwa na mtambo. Mtambo ilikuwa na kifuniko, na watu wakatoa. Siku mbili mbele ya hiyo siku niliambia nyapara, hii kitu itakula mtu. Akasema nifanye kazi. Sasa mnasema hii ni zawadi. Mtoto yangu amesikia, amekwenda kupiga kidole yake na jiwe apate zawadi. Yesu alikutana na mtu mkono yake imekauka. Hakumwambia kukauka ni zawadi. Alimwambia anyoshe, na mkono ikapona. Mimi yangu haikupona. Basi. Lakini musiite zawadi."

Akarudi nyasini, akaketi kando yangu.

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Mke wa Bwana Mkubwa akamwinamia mumewe akauliza, "Yeye nasema nini?" ingawa alikuwa amesikia vizuri. Mwalimu Zakayo akacheka kidogo, kicheko ambacho sitaki kukielezea, akasema, "Dada yetu bado ana maumivu ya mwili," akaanzisha wimbo kwa haraka, juu mno, mpaka ikabidi aushushe katikati. Wanawake waliokuwa wakilia naye kila wiki wakaimba kwa nguvu. Hakuna hata mmoja aliyetugeukia. Mama Wangechi peke yake ndiye aliyesogea akaketi upande wa pili wa Maitu, na mimi nikajificha uso kwa aibu, kwa sababu nilidhani mama yangu amerudisha kitu cha Mungu.

Wiki hiyohiyo kifuniko cha mtambo kilirekebishwa, kikapakwa rangi, kikarudishwa mahali pake. Hakuna aliyesema lolote. Maitu naye aliondolewa kiwandani, akapelekwa kupalilia vipande vya mbali kabisa, kazi ya jembe kwa mtu mwenye mkono mmoja. Na vibali vikakoma. Mwalimu alitafuta ushuhuda mwingine, akampata mzee aliyepofuka, mtu mpole asiye na maneno mengi, akawa anamwinua uso.

Miezi ikapita bila sisi kwenda Ruiru. Maitu alikwenda ofisini mara nne kuomba karatasi ya siku moja, na mara nne karani alimwambia amwombe Mwalimu amwandikie. Mara ya nne alikwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa naye. Zakayo alikuwa akifuta baiskeli. Alisema, bila kuinua macho, "Siwezi kusema uongo kwa serikali kwamba unakwenda kwa kazi ya Mungu." Akaendelea kufuta sipoku moja moja.

Nyanya alikufa msimu wa mvua. Tulipata habari siku ya tano, kutoka kwa mwanamke aliyeletwa shambani kuchuma, na Nyanya alikuwa amekwisha kuzikwa na watu asiowajua. Maitu alisikia, akashukuru kwa kuletewa habari, akarudi kupalilia mpaka kengele ilipolia.

Mimi nilimpokea nyumbani kwa hasira. Nilimwambia, "Kama ungenyamaza Thika, tungemwona." Nilikuwa na miaka minane, na nilisema kwa ile sauti ya mtu mwenye haki.

Akaweka jembe chini. "Ni kweli," akasema. "Tungemwona."

"Basi kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu ya hicho kidole chako."

Hilo nilikuwa sijalifikiria, kwamba katika hesabu yote hii mimi nilikuwamo. Aliketi kizingitini akaniita nikae naye, na jua lilikuwa bado juu ya miti ya kivuli. Nikamwuliza lile lililokuwa limenikaa siku zote tangu Thika. "Kama Mungu hakutoa zawadi, alikuwa wapi?"

Alifikiri. Maitu hakuwa mtu wa kujibu upesi ili asikike.

"Nilimwita," akasema. "Mkono ukiwa humo ndani, nilimwita kwa jina lake. Hakuja kuuzima. Mama Wangechi ndiye aliyekuja. Lakini nilipokuwa nimelala Thika, nilikumbuka kwamba yeye mwenyewe alipigwa misumari hapa na hapa. Na hakusema ni tamu. Alilia kwa sauti, akauliza kwa nini ameachwa. Nikasema, basi huyu ninaweza kuongea naye. Nikaongea naye kila siku, na alinisikia. Hicho ndicho nilichokipata, Njeri. Mwingine akiniambia ana kingine, sijakiona."

Tangu wakati huo nilianza kuona mambo ambayo alikuwa akiyafanya siku zote. Mtu akifiwa kambini, Maitu alikwenda, akaketi, akamenya viazi kwa kuvibana kati ya magoti, asiseme neno, akarudi. Mwanamke mmoja ambaye wanawe wawili walikuwa kizuizini alikuwa akifukuza watu wote mlangoni pake, hasa waliokuja na Biblia. Maitu ndiye aliyefunguliwa. Walikaa wakichambua maharagwe. Nilikuwa nikichungulia nione muujiza, na kulikuwa na maharagwe tu.

Mwaka uliofuata Mwalimu Zakayo akaugua. Macho yakawa ya njano, tumbo likafura, na ile shingo ikanyauka mpaka kola zikamzidi. Mkewe alikuwa amekufa zamani, watoto hakuwa nao. Hospitali ilimrudisha. Alilala katika chumba chake nyuma ya ghala, na waumini wake wakamjia, na mimi nilikuwa mlangoni nikitazama, kwa sababu sikutaka kukosa hata siku moja. Walimpongeza. Naapa kwamba walimpongeza. Walisimama kukizunguka kitanda wakamwambia kwamba Bwana amemwandikia barua, kwamba amevunjwa kwa kuwa anapendwa, kwamba wao wazima wanamwonea wivu. Wakaimba, wakaenda zao, kila mtu kwake kula. Aliyewafundisha aliwafundisha vizuri. Hakuna hata mmoja aliyemwaga kile chombo kilichokuwa chini ya kitanda, na kila ziara ilizidi kuwa fupi kwa sababu ya harufu.

Maitu alikuwa akimpikia uji. Nilikataa kuupeleka, akanitazama tu, nikaupeleka. Siku ya kwanza niliuweka chini nikakimbia. Siku ya pili alikuwa macho, akaniangalia kama mtu anayengoja kuambiwa kitu, na mimi nilikuwa nimekiandaa.

"Mwalimu," nikamwambia, "shukuru. Mimi nilijipiga na jiwe nipate hiyo zawadi, na wewe umepewa bure."

Alifungua mdomo. Ile sauti haikuwamo. Akageukia ukuta.

Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kama mtu aliyeshiba, na hata leo, mwanamke mzee anayekwenda kanisani, nikimkumbuka alivyogeukia ukuta, kuna sehemu yangu ambayo bado inafurahi. Yule mtu alimtumia mama yangu kama ngoma, akamnyima mama yake mzazi, akala kuku. Dharau niliyokuwa nayo kwake sijaitua. Wachungaji wameniambia niitue, na wengi wao wana shingo ileile.

Nilipogeuka nitoke, Maitu alikuwa amesimama mlangoni na debe la maji. Alikuwa amesikia yote. Nilingoja kofi. Akanipa beseni.

"Shika hapa," akasema. "Usitikisike."

Akaingia, akamfunua, akaanza kumwosha. Nilishika beseni. Alimwosha uso, kifua, na lile tumbo lililofura, akikamua kitambaa kwa kukibana kwapani, kwa kuwa ule mkono mwingine haukuweza kukamata. Hakuharakisha, wala hakuimba. Zakayo alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yakimtoka, lakini si mahali pale pa siku zote. Nilikuwa nayajua machozi yake, na haya sikuyajua.

Alipomgeuza ili amwoshe mgongo, ule mkono ulipita karibu na uso wake, akaufumbulia macho, akautazama. Aliutazama muda mrefu, mtu aliyeuinua mbele ya mamia ya watu.

"Mama Njeri," akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu yeyote. "Huo mkono unauma?"

Kitambaa kikasimama. Nilimtazama Maitu usoni, nikingoja aseme kile ambacho mimi ningesema. Nilikuwa na mengi ya kumpa.

"Unauma," akasema.

"Wakati gani?"

Maitu akachukua beseni mikononi mwangu, akaliweka sakafuni, akavuta kigoda karibu na kitanda.

"Asubuhi zaidi," akasema. "Na vile vidole viwili ambavyo havipo, hivyo ndivyo vinavyouma kuliko hivi." Akaketi, akauweka mkono juu ya blanketi ambapo angeweza kuuona bila kuinua kichwa, na akaanza kumweleza.